Kura ya Alhamisi

Kabla hajawa mwandishi wa ofisi ya mbunge, Lidia Prokopivna Sahaidak alikuwa mpima sukari. Miaka ishirini na sita alisimama katika maabara ya kiwanda cha Staropillia, koti jeupe mwilini na miwani puani, akipima viazi vya sukari vilivyoletwa na matrela kutoka mashambani. Kila mzigo aliuandikia karatasi: asilimia ngapi sukari, asilimia ngapi uchafu. Karatasi hiyo ndiyo iliyoamua mkulima aende nyumbani na nini. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, na karibu kila mmoja alimwita ofisini kwake akamwomba, kwa upole kwanza, apunguze nusu asilimia hapa, nusu asilimia pale. Lidia hakubishana nao. Alisema tu kwamba mashine imesoma hivyo, naye anaandika kilichosomwa. Wakulima walilijua hilo. Watu walipobishania jambo mjini, mtu alisema nendeni mkamuulize Lida wa maabara.

Wenye kiwanda walipoamua kukifunga na kuuza mitambo yake kama vyuma chakavu, wafanyakazi walikesha langoni wiki tatu, mwezi wa Novemba, theluji ikianza kushika. Aliyewaongoza alikuwa mhandisi wa mitambo ya mvuke, Arsen Chumarenko, mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye sauti ya kukwaruza. Lori la kwanza lilipofika kuchukua mitambo, alijilaza mbele ya magurudumu. Lidia alikuwa palepale akikoroga uji kwenye sufuria kubwa ya kantini. Alimwona dereva akizima injini, akishuka, na kumwomba sigara yule aliyelala chini. Miezi minne baadaye kiwanda kilifungwa vilevile. Lakini jina la Chumarenko lilikuwa limeshaingia kila nyumba wilayani, na uchaguzi ulipofika alisimama bila chama, akamshinda mtu wa wenye kiwanda.

Siku ya tatu baada ya kuapishwa alikuja nyumbani kwa Lidia. Mumewe, Yukhym, alikuwa amelala chumba cha pili, moyo wake umeshaanza kumsumbua. Chumarenko akaketi jikoni, akala maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, akasema anataka mtu wa kukaa katika ofisi yake ya Staropillia, kupokea watu na kuandika barua zao.

"Wapo wasichana wenye digrii," Lidia akasema.

"Wapo. Mimi nataka mtu ambaye mji mzima unamwamini, dada. Na kila Jumatatu uchapishe kura zangu zote, ubandike nje mlangoni. Ndiyo, hapana, sikuwepo. Watu waone nimewafanyia nini kule Bungeni, Kyiv."

Ndivyo alivyoanza kazi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vilivyokuwa zamani duka la vitambaa. Kila Jumatatu aliingia kwenye tovuti ya Bunge, akachapisha kura za wiki iliyopita, akapigia mstari jina la Chumarenko kwa kalamu nyekundu, akazibandika. Mwaka wa kwanza watu walisimama mlangoni kusoma kama wanavyosoma matokeo ya mpira. Mwaka wa pili walisoma wastaafu peke yao. Baadaye alisoma Lidia tu, wakati akizibandika.

Alichokiona humo hakikuja kwa mpigo mmoja. Mbunge aliyeingia bila chama alijiunga na kambi ya wengi, kwa sababu ya barabara, alisema. Na kweli kilomita nne zililetewa lami. Serikali ilipoanguka alihama akaenda kwa washindi, kisha akahama tena. Kila alipohama, picha ya kiongozi ukutani ilibadilishwa, na Lidia akaiweka ile ya zamani kabatini, uso ukiangalia ubao. Zikawa picha tatu. Alipiga kura ya kuongeza bei ya gesi baada ya kuapa hataongeza. Alipiga kura kuhusu ardhi siku ambayo wakulima wake walikuwa nje ya Bunge wakimpigia simu. Halafu likaja tangazo la mali za wabunge, ikaonekana kwamba mama mkwe wake, mstaafu wa posta, ana nyumba tatu Kyiv na gari la Kijerumani. Alipoulizwa na waandishi, mbunge alisema mama huyo amefuga nyuki maisha yake yote. Sokoni wauza asali wakawa wanaulizana nyuki wa namna hiyo wanapatikana wapi, maana wa kwao wanatengeneza asali tu.

Lidia alicheka pia, lakini si kwa sauti. Yukhym alipozidiwa, Chumarenko ndiye aliyempatia kitanda katika hospitali ya moyo, Kyiv, ndani ya siku mbili, mahali ambapo wengine walisubiri miezi. Alimpeleka kwa gari lake mwenyewe, akamshika mkono kwenye ngazi. Yukhym aliishi miaka minne mingine. Alipanda miti ya plamu, akaona wajukuu, akafa akiwa usingizini. Kila Lidia alipoona kura iliyomchoma, alihesabu ile miaka minne, akabandika karatasi, akaenda kuchemsha chai.

Mwezi wa Februari, mwaka wa saba wa ubunge, habari zikafika kwamba Bunge litapiga kura juu ya hospitali ndogo: wodi za wazazi zisizofikisha idadi fulani ya watoto kwa mwaka zitanyimwa fedha. Ya Staropillia haikuwa inafikisha. Mkunga mkuu wake alikuwa Melania Hnativna, rafiki wa Lidia tangu usichana. Lidia ndiye aliyemshika binti wa Melania siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo wakaitana somo. Melania aliwakusanya wakunga na wauguzi kumi na mmoja, wakavaa makoti yao ya kanisani, wakaja ofisini Alhamisi, saa sita na nusu mchana. Mbunge alikuwepo, alikuwa amekuja kwa mazishi ya mjomba wake. Lidia akaandika majina yao yote katika daftari la wageni, na saa, kama alivyozoea. Vikombe havikutosha, akatoa hata kile chenye ufa.

Chumarenko aliwasikiliza vizuri. Hakutazama simu. Melania alimweleza kwamba kutoka Staropillia hadi hospitali ya mkoa ni kilomita sitini na moja, na barabara ya huko si ile ya lami yake. Akamweleza kuhusu vijiji vya ng'ambo ya mto. Mbunge akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mimi nilizaliwa katika wodi ile," alisema. "Nikiwa mbunge haifungwi. Hilo mniachie mimi."

Wanawake wawili walilia. Mmoja alipiga picha kwa simu, lakini alipoitazama baadaye ilikuwa picha ya sahani ya biskuti, na pembeni mkono wa shati jeupe, basi.

Jumatatu Lidia akachapisha kura. Ule muswada ulikuwa ukurasa wa nne. Alipeleka kalamu nyekundu hadi kwenye herufi ya jina, akasoma: Chumarenko A. O., ndiyo. Akatazama juu ya ukurasa. Alhamisi, saa sita na dakika hamsini na mbili. Akafungua daftari la wageni, akaliweka kando ya karatasi, akakaa hapo hadi chai yake ikapoa. Saa sita na dakika hamsini na mbili mbunge alikuwa katika chumba cha pili, mkono kifuani.

Karatasi ile hakuibandika. Akampigia simu. Chumarenko akamwambia aifunge ofisi, angekuja Jumamosi.

Alikuja peke yake, bila dereva. Alikuwa amenenepa, macho yamemwiva. Hakuzunguka. Kadi yake ya kupigia kura, alisema, haikai kwake. Inakaa kwa mkuu wa kambi. Asiyekuwepo anabonyezewa na jirani yake.

"Nchi nzima inajua, dada."

"Mimi sikujua."

"Ulijua. Hukuuliza."

Ilikuwa kweli kidogo. Mara ngapi alikuwa ameona ndiyo mbele ya jina lake siku ambayo mtu huyo alikuwa hapa akila kuku?

Shida, Chumarenko akaendelea, ni kwamba gazeti moja la Kyiv limeanza kuuliza. Yeye ameshawajibu kwamba alikuwa ukumbini na alipiga kura mwenyewe, kwa moyo mzito, kwa ajili ya nidhamu ya kambi. Hilo watu watamtukana kwa wiki mbili, kisha litapita. Lakini kumpa mwingine kadi ni kesi. Hata kwenye mazishi ya mjomba, Mungu akamsaidia, yeye aliingia jioni baada ya watu kutawanyika, hakuna aliyemwona. Kwa hiyo kilichobaki ni daftari.

"Wakunga walikuja Ijumaa," alisema. "Andika upya. Daftari lote, tangu Januari. Mwandiko ni wako wote, hakuna aliyetia saini."

"Wanawake kumi na wawili, Arsen Ostapovych. Kila mmoja ana kinywa."

"Wana hasira ya kufukuzwa kazi. Wewe huna hasira na mtu. Wewe ndiye Lida wa maabara."

Lidia akasema hataandika. Aliisema mara mbili. Chumarenko hakumtisha wala hakupandisha sauti. Aliuliza ile miti ya plamu ya Yukhym inaendeleaje, kama ilivumilia baridi. Lidia akajibu kwamba miwili imekufa, mitano ipo. Mbunge akatikisa kichwa, akavaa koti, akaacha daftari jipya juu ya meza.

Jumapili, kengele za kanisa zikilia, Lidia alikaa jikoni kwake akaandika. Alitumia kalamu nne tofauti ili wino usifanane. Alipofika Februari hakukosea hata herufi moja. Hilo ndilo lililomshangaza. Akaandika Ijumaa, akaandika majina kumi na mawili, la Melania likiwa la kwanza, akageuza ukurasa. Daftari la zamani aliambiwa alichome. Alilifunga kwa mfuko wa nailoni akaliweka kwenye shimo la viazi, chini ya nyumba.

Mpelelezi kutoka Kyiv alifika Aprili, kijana wa watu, ana mafua. Alihoji watu katika chumba kilekile cha pili, Lidia na Melania wakiwa pamoja mbele yake. Melania alikuwa ameeleza kila kitu kabla: mazishi, mkono kifuani, saa ya ukutani. Mpelelezi akafungua daftari, akamuuliza Lidia Prokopivna kama huo ni mwandiko wake. Ni wake. Kama ziara ya wakunga ilikuwa siku iliyoandikwa.

"Ijumaa," Lidia akasema.

Melania akamgeukia. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosea jina.

"Somo. Alhamisi ulinipa kikombe chenye ufa, ukaniambia nigeuze upande nisije nikakata mdomo. Ijumaa mimi nilikuwa zamu, nikazalisha mapacha."

"Ilikuwa Ijumaa," Lidia akasema tena, akitazama daftari.

Mpelelezi akapiga chafya, akaandika. Ratiba ya zamu ya hospitali haikuombwa na mtu. Mwezi wa Julai kesi ilifungwa kwa kukosa ushahidi, na Septemba wodi ikafungwa. Vitanda vilipakiwa kwenye lori, na safari hii hakuna aliyelala mbele ya magurudumu. Melania alihamishiwa mapokezi ya hospitali, kuandika kadi za wagonjwa. Alipokutana na Lidia barabarani alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme. Binti yake, aliyeshikwa ubatizoni, alirudisha kwa posta mkufu aliokuwa amepewa siku ya harusi.

Desemba, siku ya kupokea watu, aliingia ofisini mwanamke aitwaye Kateryna, mpeleka barua wa kijiji cha ng'ambo ya mto, bado na koti la kazi. Hakuja kugombana. Alikuwa na bahasha ya karatasi, akazitoa moja moja kwa utaratibu. Uchungu ulimshika wiki tatu kabla ya siku yake. Gari la wagonjwa lilikuja baada ya saa moja na nusu, likaanza safari ya kilomita sitini na moja, na njiani theluji ikawazuia. Mtoto alizaliwa garini, wa kiume. Aliishi dakika arobaini. Dereva alishika taa, na muuguzi aliyekuwemo, msichana wa kliniki ya meno, alifanya alichoweza.

Sasa, Kateryna alieleza, shida ni cheti. Mahali gari liliposimama ni mpakani mwa wilaya mbili. Ofisi ya vizazi na vifo ya huku inasema mtoto ni wa kule. Ya kule inasema ni wa huku. Bila cheti cha kuzaliwa hapati cha kufa, na bila cha kufa msimamizi wa makaburi hampi nafasi. Mtoto alikuwa bado kwenye chumba cha maiti, siku ya kumi na tisa.

"Sitaki kusumbua," alisema. "Nasikia wewe unaandika barua vizuri."

Lidia aliiandika barua ile papo hapo. Alipofika mahali pa jina la mtoto akauliza, na Kateryna akamwambia Danylo. Alipomaliza alimpigia simu mbunge, na siku mbili baadaye saini ikaja, na mhuri, na simu ya mbunge mwenyewe kwa wakuu wa ofisi zote mbili. Cheti kilitoka ndani ya wiki. Kateryna akaja kushukuru, na mtungi wa matango ya chumvi. Aliuweka mezani, akasema Mungu amlipe mheshimiwa, na Lidia akasimama akashindwa kuketi mpaka mwanamke yule alipoondoka.

Januari Lidia aliacha kazi. Alitoa daftari kwenye shimo la viazi. Unyevu ulikuwa umeingia pembeni, lakini Februari ilisomeka. Akapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi hadi Kyiv, akazunguka majengo matatu akimtafuta yule mpelelezi mwenye mafua. Alikuwa ameshahamia kampuni ya binafsi. Karani wa dirishani akapokea daftari, akalipiga mhuri, akampa karatasi ya namba. Lidia alitaka kueleza, alikuwa amepanga maneno njia nzima. Karani akamwambia maelezo yaandikwe, kuna fomu.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, ukurasa mmoja. Hakuna sababu ya kufungua kesi upya. Aidha, raia Sahaidak L. P. anakumbushwa kwamba kwa maneno yake mwenyewe alitoa ushahidi wa uongo, jambo ambalo ni kosa. Kwa kuzingatia umri wake, hatua hazitachukuliwa. Daftari halikurudishwa.

Uchaguzi ulikuwa Julai. Chumarenko alitoka wa tatu. Aliyeshinda alikuwa mpiga picha za harusi kutoka mji mkuu wa mkoa, mtu ambaye Staropillia ilimwona mara moja, kwenye bango. Alipata kura sita katika kila kumi, kwa sababu ya chama chake na kwa sababu hakuwa Chumarenko. Redioni alisema anafikiria suala la hospitali. Kabla ya mwaka kwisha Chumarenko aliteuliwa mshauri katika wizara fulani. Alimtumia Lidia kadi ya Krismasi, yenye picha ya ng'ombe na nyota, na ndani ameandika kwa mkono wake kwamba hana kinyongo. Katika ile ofisi sasa hutengenezwa simu.

Machi Lidia alisikia kwamba Melania anakwenda Italia kumlea bibi mmoja mgonjwa, kama wanawake wengi wa mtaa wao. Akaenda nyumbani kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili. Melania alikuwa sebuleni akifunga mizigo, soksi za sufu, dawa, mfuko wa nafaka ya uji. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

Lidia akasema yote, amesimama mlangoni na viatu vyake. Kalamu nne. Shimo la viazi. Kateryna na cheti. Safari ya Kyiv na fomu. Hakuomba radhi mpaka mwisho, kwa sababu aliogopa akianza na radhi atalia na hatamaliza.

Melania aliendelea kukunja.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia ilikuwa Alhamisi," alisema.

"Ndiyo."

"Najua ilikuwa Alhamisi, Lida. Mimi nilikuwepo."

"Ningesema siku ile..."

"Ungesema siku ile wangefunga vilevile. Wangempata mwingine wa kubonyeza." Akavuta zipu ya begi, ikakwama, akautoa uzi uliokuwa umeingia kati, akavuta tena. "Lakini usingenifanya mwongo mbele ya yule mtoto mwenye mafua. Miaka thelathini na tisa nazalisha watu mji huu, nikatoka mle ndani nikiwa bibi aliyechanganyikiwa siku. Wenzangu waliniuliza, Melania, una uhakika? Hata mimi nilianza kujiuliza. Nilikwenda kutazama ratiba ya zamu, Lida. Usiku nilikuwa silali."

Lidia akauliza kama anaweza kumsindikiza kwenye basi. Melania akasema binti yake anakuja na gari. Kisha, kwa kuwa Lidia hakuondoka, akamwambia afunge mlango, baridi inaingia. Na Lidia, ambaye hakuelewa ameambiwa aingie au atoke, alitoka, akaufunga kwa nje.

Basi la Italia liliondoka Jumanne. Melania huwaandikia jirani zake wa chini, nao humwambia Lidia kwamba bibi yule ni mkali, kwamba chumba kina dirisha, kwamba miguu inamuuma. Lidia ana miaka sitini na minne. Asubuhi hupogoa miti mitano ya plamu, mchana husikiliza redio. Staropillia hakuzaliwi mtu siku hizi. Wanawake wenye uwezo huenda mkoani wiki mbili kabla ya siku zao, wakapanga chumba, wakasubiri. Wasio na uwezo huondoka na gari la wagonjwa, likipatikana. Wakati mwingine mmoja wao humsimamisha Lidia sokoni, akamwomba amwandikie barua kwa mbunge mpya, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Huwaandikia.